Uzi maalum wa Atlanta 2025: chavua imeshuka, kreni zimepanda, na barua za nyumba ziko njiani

Mzee wa Indian Creek (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila ikifika Aprili maswali ya Atlanta yanarudi yale yale: mbona magari yote yamekuwa ya njano, mbona pango limepanda, kile kinachojengwa pale bondeni ni nini, nihamie upande gani. Tuyaweke yote hapa. Mimi nakaa mashariki, kaunti ya DeKalb, jirani na Clarkston, kwa hiyo nitaelemea huku. Wa Marietta, Lawrenceville na kusini mtajazia.

Tuanze na vumbi. Ni chavua ya misonobari. Jumamosi ya tarehe 29 Machi wapimaji wa hapa walihesabu chembe 14,801 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Rekodi ya zamani ilikuwa 9,369, ya Machi 2012, kwa hiyo haikuvunjwa tu, ilipondwapondwa. Na kesho yake ndiyo tukasali Idi. Tuliosali nje tuliinuka na magoti ya njano, na koti jeusi la kijana wangu lilikuwa kama limemwagiwa bizari.

Ila misonobari inaonewa. Chembe yake ni kubwa na nzito, unaiona ikitua kwenye kioo cha gari, na haifiki mbali puani. Inayokutoa machozi usiku kucha ni ile usiyoiona, ya mialoni na miforosadi, ambayo hutoka majira hayo hayo. Mgeni anaona njano, anapata kichwa, anaunganisha. Dawa ya mzio ianze mapema, kabla macho hayajavimba. Mwenye pumu asilale na dirisha wazi eti hali ya hewa nzuri.

Saa zilisogezwa mbele tarehe 9 Machi. Nyumbani Dar na Nairobi sasa wametutangulia saa 7, sio 8. Goma na Bujumbura saa 6. Acheni kuwapigia wazazi usiku wa manane.

Sasa kreni. Sensa ya 2010 ilikuta watu 420,003 ndani ya mipaka ya jiji. Ya 2020 ikakuta 498,715. Na jiji lenyewe ni kipande kidogo tu. Ukiweka na kaunti zote zinazolizunguka ni zaidi ya watu milioni sita. Hao wote wanataka pa kulala. Majira haya ndiyo mvua za baridi zinapungua, udongo unaanza kukauka, na vijiko vya kuchimbia vinaingia viwanjani kwa pamoja. Ndiyo maana unaona kama mji umeota majengo ndani ya mwezi mmoja.

Hoja yangu ni hii, na nataka mnibishie. Sisi wa mashariki tunaangalia yanayojengwa katikati ya mji kama sinema ya watu wengine. Mimi nasema ile ni ratiba yetu. Yaliyowapata wa Old Fourth Ward na West End, mitaa ya jijini ambako bei zilipanda mpaka watu wakahama, yanakuja DeKalb, na hayaji na katapila. Yanakuja na bahasha, na bahasha zenyewe zinaanza kufika majira haya haya. Nitarudi kueleza, nipo zamu.

Bado Niko Dar

Mkuu uzi mzuri. Nina viza ya bahati nasibu, nakuja mwezi wa saba na mke na mtoto mmoja. Nina jamaa Clarkston ananiambia nishukie huko. Ni salama? Ni bei gani? Na hiyo BeltLine kila mtu anaitaja ni barabara au ni nini?

Mzee wa Indian Creek

Karibu sana mdogo wangu. Nianze na BeltLine, maana ndiyo mzizi wa hoja yangu.

Atlanta ilizaliwa na reli, na ilizungukwa na mapande ya reli za mizigo ambazo baadaye zikaachwa, zikaota magugu. Mwaka 1999 mwanafunzi wa Georgia Tech, Ryan Gravel, akaandika tasnifu yake ya uzamili: tuziunganishe hizi reli ziwe duara moja la maili 22, yaani kama kilomita 35, lenye treni nyepesi na njia ya kutembea, lipite mitaa ya matajiri na ya maskini. Mwaka 2005 likapatikana fungu: ongezeko la kodi ya majengo kwenye eneo linalozunguka duara lilipie ujenzi. Kipande cha mashariki, Eastside Trail, kikafunguliwa 2012, cha magharibi 2017.

Mimi nikiwa na wageni nawapeleka pale Ponce City Market. Ni jengo la matofali la kampuni ya maduka ya Sears la mwaka 1926, kubwa ajabu, ambalo kwa miaka lilikuwa nusu ofisi za jiji, nusu ukiwa. Likafunguliwa upya 2014: maduka chini, ofisi na makazi juu, na BeltLine inapita mlangoni. Aprili hii ukienda pale Jumamosi jioni hupati pa kukanyaga. Baiskeli, mbwa, vigari vya watoto, watu wameshika aiskrimu. Ni pazuri, sitaki kudanganya.

Lakini fuatilieni bei. Profesa Dan Immergluck alilinganisha nyumba zilizo ndani ya nusu maili ya BeltLine na nyingine za jijini, kati ya 2011 na 2015. Za karibu zilipanda zaidi kwa asilimia 17.9 hadi 26.6, kutegemea upande. Na mwaka 2016 huyo huyo Gravel, mwenye wazo, alijiuzulu kwenye bodi ya taasisi inayochangisha fedha za mradi, pamoja na Nathaniel Smith, wakisema suala la watu wa kipato cha chini halipewi uzito. Na ile treni, iliyokuwa kiini cha wazo? Wapiga kura wa jiji walikubali mwaka 2016 kuongezewa nusu senti ya kodi ya mauzo kwa ajili ya usafiri. Mpaka leo kwenye duara lile hakuna hata behewa.

Clarkston ni kamji kadogo, hakafiki maili mbili za mraba. Tangu miaka ya 1980 mashirika yamekuwa yakileta wakimbizi huku kwa sababu apatimenti zilikuwa nyingi na nafuu, na basi lilikuwepo. Wavietnamu, Wasomali, Wakongo, Warundi, Wabhutan, Wasyria, Waafghani. Kiswahili utakisikia dukani, kanisani, msikitini, kwenye gari la kwenda kiwanda cha kuku Gainesville alfajiri. Kuanzia maisha ni pazuri. Usalama ni kama popote, chagua apatimenti kwa kuuliza wanaokaa humo, usiangalie picha za mtandaoni.

Fundi Zege

Nipo kwenye hii kazi, wacha niseme kidogo kutoka saiti.

Mlioona kreni katikati ya mji pale karibu na Mercedes-Benz Stadium, ile ni Centennial Yards. Zamani pakiitwa Gulch, shimo la reli na maegesho chini ya madaraja, ekari kama 50. Mradi wenyewe ni wa dola bilioni 5 hivi. Mwishoni mwa 2018 halmashauri ya jiji ilipitisha msaada wa kodi wa umma unaoweza kufika dola bilioni 1.9. Kelele zilikuwa kubwa. Sasa wanakimbizana na Kombe la Dunia 2026, maana Atlanta ina mechi nane, na nusu fainali moja tarehe 15 Julai. Kazi zipo, za usiku pia. Mwenye kuchomelea, mwenye kufunga nondo, mwenye kuendesha forklift, ajitokeze.

Huku kwetu DeKalb kubwa ni Lulah Hills, pale palipokuwa North DeKalb Mall. Ile moli ilifunguliwa miaka ya 1960, ikafa polepole mpaka ikabaki sinema na duka moja moja. Mwaka jana wakaanza kuibomoa. Inakuwa apatimenti, nyumba za kupangana ukuta kwa ukuta, maduka, na njia ya miguu.

Kitu ambacho mtu hakijui mpaka ashike koleo ni ule udongo mwekundu. Ukilowa unateleza kama sabuni na kunata kwenye buti mpaka mguu unakuwa mzito. Ukikauka ni tofali. Mvua kubwa ya Aprili ikipiga kiwanja kilichofunuliwa, maji mekundu yanakimbilia kijitoni. Ndiyo kazi ya ile pazia nyeusi iliyofungwa kwenye vijiti kuzunguka saiti. Wakaguzi wanaiangalia kuliko wanavyoangalia zege. Ikianguka kazi inasimama na sisi wa kulipwa kwa saa tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Na msikate mti ovyo. Ndani ya mipaka ya jiji la Atlanta mti wa kawaida wenye kipenyo cha kuanzia inchi 6, na msonobari wa kuanzia inchi 12, unahitaji kibali hata kama uko uani kwako.

Mkenya wa Cobb

Wadau wa Georgia, hamjambo. Mimi niko Marietta na nataka kumpinga mzee kidogo.

Kwanza, huku kaunti ya Cobb hatuna hata hiyo treni ya kuleta hizo bei. Novemba iliyopita tulipigia kura ushuru wa kuongeza mabasi, ukaanguka. Kaunti ya Gwinnett pia ukaanguka siku hiyo hiyo, na hao Gwinnett walishaukataa 1971, 1990, 2019 na 2020. Na bado nyumba zimepanda! Kwa hivyo sio njia ya baiskeli inayopandisha bei. Ni watu wengi, nyumba chache, na kampuni za mitaji zinazonunua nyumba kwa mamia kisha kuzikodisha. Jirani yangu aliuza, siku tatu baadaye kuna bango la kukodisha mbele ya nyumba.

Pili, huko kwenu Clarkston njia ya miguu iko tangu miaka ya tisini, ile inayoenda mpaka Stone Mountain. Mbona haikuwafukuza?

Mzee wa Indian Creek

Ndugu yangu wa Cobb, hapo umenishika pazuri. Kweli ile njia ya Stone Mountain inapita Clarkston na kwa miaka haikubadilisha lolote. Kwa hiyo lami peke yake haipandishi bei. Kinachopandisha ni lami pamoja na fedha za umma, pamoja na kubadilishwa matumizi ya ardhi ili panapokuwa na ghorofa mbili paruhusiwe tano. BeltLine ilivileta vyote kwa mpigo. Sasa angalia mstari wa reli wa Decatur kuja huku: Avondale Estates wana uwanja wao mpya wa mji, Scottdale kwenye eneo la kile kiwanda cha zamani cha nguo zimesimama nyumba za kisasa, na kwenye kituo cha Kensington, shirika la treni na mabasi la MARTA linataka kujenga juu ya maegesho. Vinasogea kituo kwa kituo. Baada ya Kensington ni Indian Creek, na hapo reli inaishia. Baada ya hapo ni sisi.

Na mwaka huu kuna jambo jingine. Amri ya rais ya Januari 20 ilisimamisha kupokea wakimbizi. Familia mpya hazishuki, mashirika yamepunguza watu. Mwenye apatimenti aliyezoea kujaziwa vyumba na mashirika atatafuta mpangaji wa aina nyingine, au mnunuzi. Sisemi itatokea kesho. Nasema akili ya mfanyabiashara ndiko inakoelekea.

Sasa bahasha. Waliomiliki nyumba wasome kwa makini.

Georgia inaithamini nyumba kwa hali yake ya Januari 1. Kodi inapigwa kwenye asilimia 40 ya thamani hiyo. Kati ya Aprili na Juni kaunti inakutumia taarifa ya tathmini. Ile karatasi imeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba sio bili, watu wanaitupa. Usiitupe! Kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake una siku 45 za kukata rufaa. Zikipita, umekubali. Rufaa haina ada. Peleka picha za paa linalovuja, za ufa ukutani, na bei za nyumba tatu nne za jirani zilizouzwa mwaka uliopita. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alienda na picha ya maji kwenye chumba cha chini, wakashusha thamani hapo hapo.

Punguzo la kodi liitwalo homestead, kwa nyumba unayokaa mwenyewe, mwisho wa kuomba kwa mwaka huu ulikuwa Aprili 1. Aliyenunua mwaka jana na hakujaza, mwaka huu limempita. Ajaze sasa hivi lihesabike mwakani, asingoje kukumbushwa. Na tangu kura ya Novemba kuna sheria mpya ya kuzuia thamani ya kodi isipande kuliko mfumuko wa bei kwa mwenye homestead, lakini kaunti, miji na bodi za shule ziliruhusiwa kujitoa kabla ya Machi 1, na bodi nyingi za shule zilijitoa. Sehemu kubwa ya bili yako ni ya shule, kwa hiyo usishangilie kabla hujaisoma.

Dada Mpangaji

Nyie wenye nyumba mna rufaa, sisi wapangaji je? Mwenye nyumba wangu kanitumia ujumbe wa simu, kuanzia Juni naongezewa dola 240. Mkataba uliisha Desemba, tukaendelea hivyo hivyo bila kusaini mpya. Nikimwambia tuzungumze anasema nikiona ghali nihame. Inaruhusiwa?

Mzee wa Indian Creek

Dada, pole. Kiwango chenyewe hana wa kumzuia. Georgia imepiga marufuku miji na kaunti kuweka ukomo wa pango, kwa hiyo hata meya akitaka hawezi.

Lakini muda anabanwa nao. Kama hakuna mkataba unaoendelea na unalipa mwezi kwa mwezi, sheria inamtaka akupe siku 60 kabla ya kuuvunja au kubadilisha masharti. Wewe ukitaka kuondoka unampa siku 30. Kwanza soma ule mkataba wa zamani ukurasa wa mwisho mwisho, maana mingi ina kifungu cha kujiendeleza chenyewe. Kisha hesabu tangu siku ya ujumbe. Kama hazifiki 60, mjibu kwa maandishi, kwa adabu, na uendelee kulipa pango la zamani kwa wakati. Tunza risiti zote. Kabla hujafika mbali ongea na wanasheria wa msaada wa bure, wapo, na wengi wana wakalimani.

Pia tangu Julai 2024 dhamana haiwezi kuzidi pango la miezi miwili, na kabla hajakupeleka mahakamani kwa deni lazima akupe notisi ya siku tatu za kazi. Siku tatu ni kidogo mno, lakini zamani hata hizo hazikuwepo.

Mkenya wa Cobb

Nakazia hapo kwa risiti. Usilipe pesa taslimu hata mwenye nyumba akiwa ni mtu wa kwenu. Hasa akiwa ni mtu wa kwenu.

Mama Lengalenga

Jambo bandugu. Nyie munaongea nyumba, mie niongee shamba.

Watoto wa juzi wameona jua la Machi wakapanda nyanya. Baridi ikarudi usiku mmoja, zote zikalala chini. Hapa usipande kitu cha joto mbele ya katikati ya Aprili. Sukuma haina neno, hata baridi inaipenda. Lengalenga, mchicha wenu, ngoja udongo upate moto. Matembele ngoja mwezi wa tano, kisha utachoka mwenyewe kuchuma. Ule udongo mwekundu fundi aliosema, usiulime hivi hivi. Changanya mbolea ya majani iliyooza, nyingi, kila mwaka, mpaka ugeuke rangi. Kwa wanaopenda kununua, Your DeKalb Farmers Market tangu 1977 hawajatuangusha, na ukipotea humo soma kadi ya mfanyakazi kifuani, imeandikwa lugha anazoongea.

Lakini nimekuja na shida. Tunalima kwenye kiwanja cha watu, wamama wa Congo na Burundi pamoja, mwenyewe alitupa kwa mdomo. Wiki iliyopita nimefika nikakuta vijiti vya mpima ardhi katikati ya tuta langu la matembele ya mwaka jana, vina utepe wa pinki. Kimoja kimepigwa juu ya shina kabisa. Hakuna aliyetuambia kitu. Tupande au tusipande?

Fundi Zege

Mama, utepe wa pinki maana yake kuna mtu kapima mpaka au pembe ya jengo. Haimaanishi kijiko kinakuja wiki ijayo. Baada ya kupima kuna michoro, kuna vibali, kuna ile pazia nyeusi. Ukiona pazia nyeusi imefungwa, vuna haraka. Na usiving'oe vijiti, utaingia matatani kwa bure.

Mzee wa Indian Creek

Mama Lengalenga, mimi ningepanda mboga za muda mfupi. Lengalenga inakupa chakula ndani ya wiki chache. Matembele weka kwenye ndoo kwanza.

Kisha tafuta bango. Kama wanataka kubadilisha matumizi ya ardhi ile, sheria ya jimbo inawalazimu kusimamisha bango kwenye kiwanja, lenye tarehe ya kikao cha hadhara, siku zisizopungua 15 kabla. Mara nyingi linawekwa upande wa barabara, na nyie mnaingilia nyuma. Kwenye kikao hicho upande unaounga mkono na upande unaopinga kila mmoja unapewa dakika zisizopungua 10. Huhitaji kuwa raia. Huhitaji kumiliki chochote. Unasimama, unasema jina na unakokaa, unaongea. Hata msipozuia kiwanja, wenye mradi mara nyingi wanakubali masharti ili wapite: kubakiza kipande cha bustani, au kuwapa mpaka mwisho wa mavuno.

Kama hakuna bango, basi huenda matumizi hayabadiliki, na hapo ongeeni na mwenye kiwanja tu, kwa heshima, muombe aandike tarehe kwenye karatasi.

Bado Niko Dar

Aisee nilidhani nimekuja kuuliza bei ya chumba, nimepata semina. Mzee, kwa hiyo nishukie Clarkston au nisishukie?

Mzee wa Indian Creek

Shukia. Saini mkataba wa mwaka mzima, sio mwezi kwa mwezi, na usome kifungu cha kujiendeleza kabla ya kusaini. Njoo na dawa ya mzio ya mwakani.

Mama Lengalenga

Bango lipo! Lilikuwa upande wa barabara kweli, nyuma ya mti. Kikao ni Alhamisi ya mwezi ujao, saa kumi na moja na nusu jioni. Tuko wamama kumi na wawili, wawili wanaongea Kirundi peke yake. Nani ana gari kubwa, na nani atasimama kututafsiria?

Fundi Zege

Gari ninalo, la viti kumi na tano. Nitumie ujumbe wa faragha mahali pa kuwachukua. Mkalimani bado.